UKIHAMIA MJI WA JANGWA: MAJI YA MWILI KWANZA, MAJI YA LUPANGO BAADAYE



Ukurasa huu wa Usalama na Afya husema nawe mara nyingi juu ya kofia ya chuma, viatu vya kazi, moshi wa baruti na vumbi la mawe. Leo tunatoka kidogo nje ya shimo. Tutasema juu ya maji. Si yale maji yanayoingia katika shimo na kuvutwa na pompi usiku na mchana, bali maji ya mtu anayehamia mji wa jangwa, mahali ambapo mvua ni chache na jua halina huruma.

Labda utauliza: «Hayo yanihusu nini mimi niliye Katanga?» Ngoja kidogo. Tangu miaka ya 2010, Wakongo wengi walipokewa Marekani kama wakimbizi. Arizona ni moja ya majimbo walimopelekwa, nao wanakaa katika miji ya Phoenix na Tucson, ambako Kiswahili husikiwa sokoni na kanisani. Hao ni ndugu zako. Kesho huenda ni mtoto wako atakayekuandikia: «Baba, njoo utuone, na mama aje.» Je, utajua namna ya kuishi huko? Au utafika na desturi za hapa, nazo zikuletee hasara, hata ugonjwa?

Tena kuna jambo jingine litakalokupendeza. Arizona ni nchi ya shaba kama yetu. Zaidi ya nusu ya shaba yote inayochimbwa Marekani hutoka humo, na shimo la wazi la Morenci linajulikana dunia nzima. Ukiokota huko jiwe la kijani la malachite, utafikiri uko nyumbani. Lakini usidanganyike. Jiwe ni ndugu wa jiwe letu, mbingu si ndugu wa mbingu yetu.

MVUA NI NGAPI?

Lubumbashi hupata karibu milimetre 1,200 za mvua kwa mwaka. Tucson hupata karibu 270. Phoenix hupata karibu 180. Las Vegas, mji mwingine wa jangwa katika jimbo la Nevada, hupata karibu 100 tu.

Tusema umeweka pipa refu uwanjani, nalo halipotezi hata tone. Kwa mwaka mmoja hapa kwetu maji yangekufika kifuani. Kule Phoenix yangefika katikati ya kifundo cha mguu na goti. Lakini jua la Phoenix, likiachiwa maji wazi mwaka mzima, hunywa zaidi ya metre 1 na nusu. Mvua inatoa kidogo, jua linadai kingi. Hapo ndipo linapoanza jambo lote la maji katika jangwa.

Majira nayo yamegeuka. Mwezi wa sita na wa saba, wewe unapovaa koti asubuhi kwa baridi ya kipwa, mtoto wako huko anaungua. Mvua zao huja mara mbili: mvua za taratibu wakati wa baridi yao, na mvua za ngurumo kutoka mwezi wa saba hadi wa tisa. Hata jua limehamia upande mwingine: katikati ya kipwa chetu jua la saa sita hupita upande wa kaskazini, bali huko Arizona saa sita liko kusini siku zote. Mzee anayetaka kupanda mti wa kivuli lazima ajifunze upya jua linatoka wapi na linapiga ukuta gani.

KWANZA MWILI WAKO

Katika mwaka 2023 Phoenix iliona siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika au kupita digrii 43. Mwaka huo, katika wilaya ya Maricopa ambamo mji huo umo, watu 645 walikufa kwa sababu zinazohusu joto. Mwaka uliofuata walipita tena 600. Wengi walikuwa watu wa nje wasio na makao, wengine wazee ndani ya nyumba zao. Kati ya hao waliofia ndani, wengi walikuwa na mashini ya kupoza hewa, lakini mashini ilikuwa imekufa au haikuwashwa.

Basi kabla hatujasema juu ya mti wala bustani, shika neno hili: maji ya kunywa hayabaniwi. Mama anayepunguza maji ya robine afanya vema, lakini asipunguze kikombe cha mtoto wala cha mzee.

Kwa nini joto la jangwa hudanganya? Ukifanya kazi chini ya ardhi katika hewa nzito, jasho linakutiririka, shati linashikamana na mgongo, nawe wajua kwamba unapoteza maji. Katika hewa kavu jasho hukauka lilipotoka. Shati ni kavu, uso ni mkavu, nawe wadhani hutoki jasho. Kumbe mwili wako unakauka kama samaki juu ya uchaga. Usingoje kiu. Kiu huja ikiwa imechelewa.

Anayefanya kazi juani anywe kikombe kimoja, karibu robo ya litre, kila dakika 15 hadi 20. Lakini asipite litre 1 na nusu kwa saa moja, kwani maji mengi mno kwa mara moja hupunguza chumvi katika damu, nalo ni hatari jingine. Chakula cha kawaida, bukari na mboga yenye chumvi yake, hurudisha chumvi iliyotoka na jasho. Bia haihesabiwi kuwa maji.

Mgeni asianze kazi nzito siku ya kwanza. Wakubwa wa usalama kazini hufundisha hivi: siku ya kwanza fanya juani sehemu moja ya tano ya kazi, kesho yake sehemu mbili, na kuendelea hivyo hata siku ya tano. Mwili hujifunza joto kama mwanafunzi ajifunzavyo kusoma.

Zijue dalili. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, misuli kukaza, jasho jingi na udhaifu: huo ni uchovu wa joto. Mpeleke mtu kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akianguka au kuzimia, na mwili wake ni moto sana, hicho ni kiharusi cha joto, nacho huua. Usimnyweshe mtu aliyezimia. Mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee, na huko Marekani piga simu namba 911 mara moja. Usiseme: «Tungoje kidogo.»

Maonyo mengine matatu kwa wazazi:

Mtoto asiachwe ndani ya motokari iliyofungwa, hata kwa dakika chache.

Mtoto asitembee miguu mitupu juu ya lami. Lami iliyopigwa na jua inaweza kupita digrii 65, na ngozi ya mguu huungua mara moja.

Mpira wa kumwagilia uliolala juani una maji ya moto ndani yake, yanayoweza kumbabua mtoto. Yaache yatoke kwanza ndani ya ndoo mpaka yapoe, ndipo umwogeshe. Maji ya ndoo hiyo, yakipoa, ni ya mti.

MAJI YA ROBINE YANATOKA MBALI

Mfanyakazi wa mgodi anajua gharama ya kupandisha maji. Sikiliza basi. Sehemu kubwa ya maji ya miji hiyo hutoka katika mto Colorado. Ili yafike Phoenix na Tucson, walichimba mfereji wa kilometre 541 kukata jangwa. Kazi ilianza mwaka 1973 ikamalizika mwaka 1993. Njiani pompi huyanyanyua maji, hatua kwa hatua, zaidi ya metre 850 kwa jumla. Fikiri shimo lenye kina hicho, na pompi zinazotoa maji yake bila kusimama. Kila litre ya Tucson imepanda ngazi hizo.

Nao mto wenyewe umechoka. Mwezi wa nane wa mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza kwamba maji yake yamepunguka, na mafungu ya Arizona na Nevada yakakatwa kuanzia 2022. Mwezi wa saba mwaka huo 2022 ziwa Mead, linaloshikwa na ukuta mkubwa wa Hoover, lilishuka chini kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa katika miaka ya 1930.

Las Vegas walitafuta dawa, nayo yafaa kuijua kwa sababu ina akili. Maji ya ndani ya nyumba, ya kuoga, ya kufulia, hata ya choo, karibu yote husafishwa na kurudishwa katika ziwa lile lile. Yanazunguka. Lakini maji ya kumwagilia majani hayarudi: jua limeyanywa. Basi adui hakuwa mtu anayeoga, alikuwa uwanja wa majani. Walipima, wakaona kwamba metre moja ya mraba ya majani ya kijani hunywa karibu litre 3,000 kwa mwaka, na metre ile ile ikipandwa mimea ya jangwa hunywa karibu 700. Tangu mwaka 1999 shirika la maji huko linawalipa watu fedha wang'oe majani yao. Na mwaka 2021 jimbo la Nevada likatoa sheria: majani yasiyo na kazi, ya kando ya barabara na mbele ya majengo, hayatamwagiliwa maji ya mto Colorado baada ya mwaka 2026.

Basi ukifika huko na kuona nyumba yenye uwanja wa majani kama wa wakubwa, usiitamani upesi. Uliza kwanza faktire ya maji.

KABLA YA KUCHIMBA SHIMO HATA MOJA

Nyumba ikiwa ya kupanga, muulize mwenye nyumba kabla ya kupanda chochote. Mitaa mingine ina chama chenye masharti juu ya miti na viwanja: soma masharti hayo. Wanaokaa katika nyumba za ghorofa bila lupango wasikate tamaa. Mara nyingi pako mashamba ya pamoja ambamo familia hupewa tuta lake.

Kisha piga simu namba 811. Huitwa bure, nayo yapasa iitwe siku mbili za kazi au zaidi kabla ya kuchimba. Watakuja kuonyesha kwa rangi mahali zinapopita nyaya za umeme na mabomba ya gazi. Wewe uliyefundishwa kutotoboa mwamba kabla ya kukagua baruti iliyobaki, utaelewa upesi faida yake.

Utakutana pia na mwamba mweupe chini ya udongo, mgumu kama sementi. Wanauita caliche, nao ni chokaa iliyogandamana. Leta sururu, hiyo ni kazi uliyoizoea. Ukimaliza shimo, lijaze maji. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, mti utaoza mizizi mahali hapo. Toboa zaidi au hama.

SOMO LILILOTOKA AFRIKA

Sasa sikiliza habari moja. Katika nchi ya Zimbabwe, karibu na Zvishavane, mji uliojulikana kwa mgodi wake wa amiante, aliishi mzee Zephaniah Phiri Maseko. Mwaka 1964 alipoteza kazi yake ya reli kwa sababu za siasa. Akabaki na shamba dogo la karibu hektare tatu, chini ya mwamba mtupu, katika nchi ya ukame. Mzee alitazama mvua ikipiga mwamba, ikishuka kwa nguvu, ikichukua udongo na kwenda zake. Akaanza kuisimamisha. Alipanga mistari ya mawe ili maji yapunguze mbio, akachimba mashimo ili yakae na kuzama, akapanda chini yake. Mwaka baada ya mwaka visima vyake vikapata maji, na majirani wakaja kujifunza.

Mwaka 1995 Mmarekani mmoja wa Tucson, Brad Lancaster, alimtembelea. Akarudi kwao na somo hilo: kabla ya kupanda mti, panda maji. Yeye na majirani wake wakaanza kupanda miti ya jangwa kando ya barabara na kuchimba mabeseni ya udongo. Kisha wakakata ukingo wa sementi wa barabara ili maji ya mvua yanayokimbia njiani yaingie katika mabeseni hayo na kunywesha miti. Mwanzoni haikuruhusiwa, baadaye mji ukakubali, kwa kibali. Na mwaka 2008 Tucson ikatoa amri kwamba majengo mapya ya biashara yapate nusu ya maji ya bustani zao kutoka mvua. Mzee Phiri alifariki mwaka 2015. Mmarekani alivuka bahari kujifunza kwa mkulima Mwafrika. Mwambie mtoto wako asione haya kushika jembe huko.

NAMNA YA KUFANYA

Hesabu ni rahisi. Milimetre 1 ya mvua juu ya metre 1 ya mraba ni litre 1. Paa la metre za mraba 100 katika Tucson hupokea basi karibu litre 27,000 kwa mwaka. Hata ukipoteza kidogo, ni ndoo zaidi ya elfu moja ambazo hukuzilipia.

1. Tazama mvua ya kwanza. Simama mlangoni uone maji ya paa yanaangukia wapi na yanakimbilia wapi. Huko ndiko kwa kuchimba beseni.

2. Chimba beseni, usijenge kilima. Hapa kwetu tunazoea kuinua tuta ili mvua isiozeshe mboga. Huko ni kinyume: mmea ukae mahali maji yanapokuja. Beseni liwe mbali na ukuta wa nyumba, metre 3 hivi, ili msingi usilowe.

3. Usifagie kila jani. Mama wa Katanga anapenda lupango uliofagiwa, mweupe kama sahani, na sababu ni nzuri: nyoka aonekane. Lakini udongo uliofagiwa huwa mgumu, mvua hupita juu yake kama juu ya bati. Tupatane hivi: karibu na mlango fagia, ndani ya beseni, chini ya mti, acha majani makavu na vipande vya miti vifunike udongo usikauke. Na kwa kuwa nge na nyoka wapo huko, vaa viatu, tumia taa usiku, kung'uta viatu asubuhi, wala usitie mkono mahali usipopaona.

4. Chagua miti ya huko. Mesquite, palo verde na ironwood ni miti ya jangwa yenyewe. Mizizi ya mesquite ilionekana katika shimo la wazi la mgodi karibu na Tucson zaidi ya metre 50 chini. Mti unaojua kuchimba namna hiyo wastahili heshima ya wachimbaji. Maganda yake husagwa kuwa unga wa kula. Lakini usitume mbegu zake nyumbani: mti wa ukoo huo, unaoitwa mathenge huko Kenya, ulifunga malisho ya watu wa Baringo. Nao mmea mkubwa wa miiba uitwao saguaro unalindwa na sheria. Usiukate wala kuuhamisha bila kibali.

5. Weka kivuli upande wa magharibi na wa mashariki wa nyumba, kwa jua la jioni na la asubuhi. Wageni wengine huogopa faktire, wakang'oa kila kitu na kumwaga changarawe tupu. Wamekosea. Mawe hushika joto mchana na kulitoa usiku, na nyumba inakuwa tanuru. Fedha uliyookoa kwa maji utailipa kwa umeme.

6. Mwagilia mara chache, lakini maji yazame. Maji kidogo kila siku huvuta mizizi juu, na juu ndiko kwenye moto. Baada ya kumwagilia, sukuma fimbo ya chuma katika udongo: inapokwama ndipo pakavu. Kwa mboga na maua ifike sentimetre 30, kwa vichaka 60, kwa miti 90. Mwaga asubuhi mapema, chini ya ncha za matawi wala si juu ya shina. Mti mchanga utunze miaka miwili au mitatu ya kwanza. Hakuna mti wa jangwa usiohitaji maziwa ya utoto.

7. Mboga zina wakati wake. Kabichi na mboga nyingine za majani hupandwa kuanzia mwezi wa kumi, joto likishuka. Lengalenga na bamia hustahimili joto. Tena lengalenga ya porini huota yenyewe baada ya mvua za mwezi wa saba, na wenyeji wa kale wa jangwa hilo, watu wa Tohono O'odham, huila. Usiichume kando ya barabara, huenda imepigwa dawa. Mwembe na mwavokado hupata taabu, kwa jua, kwa chumvi ya maji, na kwa baridi ya usiku inayogandisha maji mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza.

8. Maji ya kufulia na ya kuogea yana kazi ya pili. Sheria ya Arizona inaruhusu yanyweshe miti ya nyumbani, hata litre 1,500 kwa siku, bila kuomba kibali, ikiwa unashika masharti. Yasiwe ya choo, ya jikoni, wala ya nepi za mtoto. Yasirushwe hewani. Yasisimame juu ya udongo. Yasimwagwe juu ya mboga za kula, ila kwenye michungwa yaruhusiwa.

9. Soma mita. Funga robine zote, andika namba, ngoja saa moja, soma tena. Namba ikiwa imesogea, maji yanavuja mahali fulani. Mara nyingi ni choo.

HATARI ZA MAJI KATIKA NCHI ISIYO NA MAJI

Hili ndilo linalowashangaza wengi: jangwani watu hufa maji. Mito mikavu yenye mchanga, isiyo na tone miezi mingi, hujaa kwa dakika chache mvua ikinyesha mbali milimani. Barabara nyingi hupita ndani yake. Ukiona maji yamefunika njia, geuka. Dereva anayezunguka kizuizi na kukwama anaweza kudaiwa gharama za kuokolewa, hiyo ni sheria ya Arizona. Na aliye na bahati ni yule anayebaki kulipa.

Mabwawa ya kuogelea yako katika nyumba nyingi, nayo huchukua watoto wadogo kimya kimya. Mtoto akikosekana, tazama bwawani kwanza. Bwawa liwe na ukuta na mlango unaojifunga, na mtu mzima asitoe macho.

Na mbu je? Tuliotoka nchi ya malaria tutacheka tukisikia mbu wa jangwani. Tusicheke. Mwaka 2021, mwaka wa mvua nyingi huko, zaidi ya watu 1,400 wa wilaya ya Maricopa waliugua homa ya Nile Magharibi inayoletwa na mbu, na wengine walikufa. Beseni lako likauke kabla ya siku tatu. Pipa la mvua lifunikwe kwa wavu.

NA SISI TULIOBAKI HAPA?

Usiseme kwamba ukurasa huu ni wa wasafiri tu. Sisi nasi tuna kipwa cha miezi mingi, na kutoka mwezi wa sita hata wa nane tone halianguki. Anza mwaka huu. Chimba beseni dogo chini ya paa lako kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, panda mti mmoja upande unaopigwa na jua la jioni, funika udongo wake kwa majani makavu, na umpe maji ya kuogea. Kipwa kijacho utaona tofauti kati ya mti huo na ule uliomwagiliwa kijuujuu.

Na ikifika siku ile ya kumwona mtoto wako katika mji wa jangwa, hutakwenda kama mgeni mtupu. Utauliza: «Maji ya paa yanakwenda wapi?» Atashangaa. Ndipo umwombe sururu.

KUMBUKA

Kunywa kabla ya kiu.

Mtu anayesema ovyo katika joto ni mgonjwa. Mpoze, ita msaada.

Panda maji kwanza, mti baadaye.

Kivuli ni afya, mawe matupu ni tanuru.

Maji yaliyofunika njia hayana urafiki: geuka.

Kata kipande hiki, mama, ukitie ndani ya barua kwa mtoto aliye mbali. Ni zawadi nyepesi, nayo yaweza kuokoa mtu.